Mgeni wa Kundi la Vitenge

Duka la vitenge la mama pale Kasulu ndilo lililotulisha na kutusomesha, kwa hiyo mtu asinihubirie neema za biashara ya mtandaoni. Nimeziona kwa macho yangu.

Mwanzoni ulikuwa utamu mtupu. Nilimfungulia mama kundi la wateja kwenye simu. Anapiga picha doti mpya, na kabla ya chai wa Kibondo wameshachagua, wa Nyarugusu wameshaagiza. Mama akanenepa, mimi nikaringa.

Ndipo akaingia mgeni, mwanamke wa mbali tusiyemjua. Alisalimia vizuri, akasema naye anaanza kuuza vitenge. Sokoni kwetu, mgeni akija na biashara kama yako humfukuzi. Unamsogezea benchi, unampa mteja mmoja wa kufungulia, la sivyo utaambiwa una roho mbaya. Mama akafanya vivyo hivyo. Akamkaribisha mbele ya kundi zima, akamweleza nani anapenda rangi gani, nani ana harusi karibuni. Nilimwambia huyu hajaja kukaa benchi. Akanijibu kwamba uchoyo huo sikuurithi kwake.

Mgeni hakuandika tena neno kundini. Alikuwa anawapigia wateja kando, mmoja mmoja, akiwapunguzia bei. Picha za mama zikawa hazijibiwi. Kisha watu wakaanza kujitoa bila kuaga. Jamani, Waha tunaondoka mahali bila kuaga tangu lini? Simu ikilia, mama anaikimbilia, anakuta mwingine katoka. Nilikiogopa kile kimya, sikufichi. Vitenge vilikaa rafuni vikipauka, na mwenye nyumba akaanza kupitapita barazani.

Mwezi uliopita mgeni alimpigia mama mwenyewe, sauti imejaa asali.

"Dada, duka lako wote wanalijua. Nipokelee mizigo yangu ya Kasulu, wateja waifuate hapo. Sitakusahau."

Mama akakubali. Angefanyaje? Mimi nilitoka nje kwa hasira.

Basi likaleta kifurushi cha kwanza. Mama alikigeuza asome jina la mteja. Lilikuwa la mdogo wake, wa tumbo moja, anayekaa mtaa wa pili na ambaye hajawahi kuvaa kitenge kisichotoka kwetu. Mama akakiweka rafuni. Kisha akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mpigie mama yako mdogo. Mwambie mzigo wake umefika."