Amina ya Donat Musonda

Donat Musonda, fundi wa kuchomelea vyuma katika komini iitwayo Kenya, mjini Lubumbashi, Kongo, hakuwa mtu wa maneno mengi. Sauti yake ilifanya kazi Jumapili tu, katika kwaya ya parokia, alikoimba besi. Padri alipomaliza sala, Amina ya Donat ndiyo iliyotangulia, waumini wengine wakaifuata. Alijivunia jambo hilo mno, ingawa alidhani hakuna anayejua.

Mwezi wa Oktoba shule ya binti yake iliwaita wazazi mkutanoni. Bénie alikuwa mwaka wa mwisho. Mbele yake kulikuwa na mtihani wa serikali, halafu, Mungu akipenda, masomo ya uuguzi. Ada ya mwaka ilikuwa imebandikwa ukutani tangu siku ya kuandikisha watoto, na Donat alishalipa sehemu ya kwanza. Prefe, yaani mkuu wa shule, alizungumza kwa kirefu juu ya vyoo, nidhamu na nywele za wasichana. Kisha akaomba wote wasimame kwa sala ya kufunga.

"Bwana, barikia bazazi ba hii masomo," aliomba, macho ameyafumba, "benye banakubali kuongeza minerval kidogo juu ya laboratoire, kwa jina la Yesu."

"Amina!" Donat akanguruma. Ukumbi mzima ukamfuata.

Kesho yake shule ikatangaza kwamba wazazi wamekubali kwa kauli moja nyongeza ya ada, ile minerval, kwa ajili ya maabara. Haukupita muda, watoto wa wazazi wasioweza kuilipa wakafukuzwa darasani, Bénie akiwamo. Alijilaza chumbani akilia kimyakimya. Mama yake, Annie, hakulia.

"Ile Amina yako njo ilifukuza mutoto," alimwambia mumewe, akamwekea bukari, yaani ugali, mezani.

Donat aliona aibu, akaisukuma sahani pembeni. Jumatatu akavaa suti ya Noeli, akaenda ofisi ya elimu. Inspekta, mama Mwaba, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita prefe.

"Mutoto akiisha kuandikishwa, bei mulibandika ku mukuta njo bei ya mwaka muzima," mama Mwaba alisema. "Kwa kuiongeza, iko lazima comité ya bazazi ijadili na itie sahihi. Sahihi iko wapi?"

"Balisema Amina," prefe akajibu. "Huyu papa njo wa kwanza. Bote balimusikia."

Donat akakiri: "Nilisema, mama."

"Prefe, ile sala ulikuwa unaomba nani?" mama Mwaba akauliza.

"Mungu."

"Bon. Papa Donat alijibia Mungu. We ulikuwa unasikiliza tu."

Prefe alijipangusa jasho. Baada ya kufikiri kidogo akasema mtoto wa papa Donat arudi kesho, bila nyongeza. Wale ambao hawakulalamika walipe.

Donat alikuwa amefuata hilo hilo. Alifurahi, akanyoosha mkono ashukuru, halafu akaurudisha.

"Bale bengine balifuata sauti yangu," alisema. "Bénie akirudia yeye peke yake, nitapita namna gani ku mulango yabo?"

"Kwa batoto bote, iko lazima niandike rapport kwa bakubwa," mama Mwaba akamwonya. "Itakamata siku. Na wako atangoja pamoja nabo."

"Atangoja," Donat akasema, na moyo ukamuuma palepale.

Nyumbani alimweleza Bénie kila kitu, pamoja na kwamba angeweza kurudi kesho. Akangoja lawama.

"Na Merdi?" msichana akauliza. Merdi ndiye aliyekaa dawati moja na Bénie, naye alikuwa amefukuzwa pia.

"Mutarudia naye."

"Basi akuye hapa, tusome naye."

Barua ya wakubwa wa elimu ilifika shuleni Ijumaa, nyongeza ikafutwa, watoto wote wakarudi. Bénie hakumuaga hata baba yake. Alikuwa anakimbia na Merdi wasikose kiti cha mbele. Donat alisimama akiwatazama mpaka lango la shule likafungwa, akafurahi kupita kiasi, kisha akaenda kazini, amechelewa.