Somo Yangu Alijua

Siku iliyoniuma kuliko zote si ile niliyolala sakafuni nikitokwa damu. Hiyo nitaifikia. Iliyoniuma zaidi ni alasiri moja, jua bado kali, mimi nimekaa uani kwetu Zinga na ungo wa mchele mapajani. Mke mwenzangu alitoka chumbani kwake na mimba ya miezi saba, akasimama katikati ya ua, mkono kiunoni, akamwita mume wetu kwa sauti kama anamwita muuza maji.

"Baba, tumbo linakaza. Si kukaza kwa kawaida huku. Nipeleke hospitali sasa hivi."

Basi. Hakuongeza hata neno. Mume wetu ni mwashi, siku hiyo alikuwa anaziba ufa wa ukuta wa choo. Aliuacha mwiko pale pale kwenye karai, hakunawa hata mikono, akatoka mbio mpaka barabarani. Mchele sijamaliza kuupeta, karudi na bajaji. Akamshika mwenzangu mkono, akampandisha, akachukua mto kwenye kamba akamwekea mgongoni. Mto wenyewe ulikuwa wangu, nilikuwa nimeuanika asubuhi. Wakaondoka.

Nitaandika nilichokiwaza, maana nimechoka kujifanya mwema. Niliomba mtoto yule asizaliwe. Nilipojisikia nikiomba vile nilishtuka, nikaleta toba hapo hapo, lakini nilikuwa nimeshaomba. Mtoto alizaliwa mzima, na kwa wakati wake. Siku hizi yuko sekondari, kijana mrefu, na kila akinipa shikamoo naitika marahaba bila kumtazama usoni.

Watu wakisikia wivu wa wake wenza wanafikiri ni kugombea kitanda au kitenge. Mimi nilimwonea wivu maneno yake. Yale maneno machache aliyoyatoa pale uani mbele ya kuku na majirani, mimi niliyameza nikiwa na umri wa miaka kumi na tisa, na nikamzika nayo mtoto.

Mimi ni wa Bagamoyo mjini. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo mtanisamehe nikiandika kama ninavyoongea. Nilipokaribia kuolewa niliwekwa ndani, na aliyenifunda ni shangazi yangu, dada yake baba. Ndiye somo yangu. Wasichana wengi wa mtaa wetu wamepita mikononi mwake, na mpaka leo akipita njiani wanawake wazima wanavuta ushungi wakimwamkia kwa adabu. Somo wa watu.

Aliponifunda alinifunza kwamba mwanamke wa kwetu hasemi habari za mwili wake kwa mwanamume. Anaonyesha, na mwanamume anaona. Shanga nyekundu juu ya mto maana yake niko kwenye siku zangu. Nyeupe, nimeshatwaharika. Kanga nikiivaa nje ndani, nimekasirika. Na kikombe nikikifunika kifudifudi kwenye sinia la chakula chake, basi nina neno zito moyoni au naumwa, aniulize. Hapo kwenye kikombe alirudia mara nyingi sana, ananifinya paja kila nikikosea.

"Akikuuliza ndipo useme," aliniambia. "Asipokuuliza usijipeleke. Utaonekana huna haya, na haya yako ni jina langu."

Mambo haya hayakuwa ya upande mmoja. Zamani vijana walipokuwa jandoni, kule porini wakisubiri vidonda vipone, walifundishwa na wazee wao kuzisoma ishara hizo hizo. Mwanamke anafunzwa kuweka, mwanamume anafunzwa kuona. Sasa mume niliyepewa mimi, Mkwere wa bara, hakukaa jandoni hata siku moja. Alifiwa na baba yake akiwa mdogo, akalelewa na kaka yake Chalinze, na huyo kaka alimpeleka hospitali akatahiriwa asubuhi, mchana akawa nyumbani anakula wali. Hakuna mzee aliyekaa naye. Mimi hayo sikuyajua. Niliambiwa tu ni kijana mtaratibu, Mwislamu, ana kazi ya mikono.

Tukaja kukaa Zinga, kwa watu nisiowajua. Nikaanza kuweka ishara zangu kama nilivyofunzwa. Mwezi wa kwanza niliweka shanga nyekundu kwenye mto. Alizichukua, akazitundika kwenye msumari wa mlango, akaniambia niangalie vitu vyangu, siku moja vitapotea. Nikavaa kanga nje ndani, akanicheka, akasema leo umeamka na usingizi. Nikafunika kikombe. Alikifunua, akamimina chai, akanywa.

Mimi nilijua ananiona na ananipuuza. Sikufikiria hata siku moja kwamba haoni. Nilifunzwa kwamba kila mwanamume anajua, kwa hiyo asiyejibu anakataa kwa makusudi. Nikazidi kunyamaza, nikazidi kuweka ishara. Alikuwa akirudi kutoka kazini ananikuta nimenuna, anakula kimya, anatoka kwenda kukaa na wenzake dukani. Kutoka huko namsikia anacheka kicheko ambacho ndani kwangu hakijawahi kuingia. Niliwaonea wivu hata wale wanaume wa dukani.

Nikashika mimba. Mwezi wa tano kiuno kilianza kuniuma, kisha matone. Nilifunika kikombe siku ya kwanza. Alikifunua akanywa. Siku ya pili nikafunika, na shanga nyekundu nikaziweka juu ya sinia lenyewe, mahali ambapo hakuna mwanamke anayeziweka, nikasema moyoni huyu hata awe jiwe atauliza. Alizisogeza pembeni kwa kidole ili avute bakuli la mchuzi. Siku ya tatu aliondoka alfajiri kwenda Mbegani, kulikuwa na nyumba wanainyanyua huko. Alisimama mlangoni akaniuliza kama unga upo. Nikasema upo. Nilikuwa nimeushika mlango ili nisianguke, na nikasema unga upo.

Jirani alikuja saa nne kuazima mchi akanikuta sakafuni. Nilipakiwa kwenye pikapu ya mihogo mpaka hospitali. Mtoto alikuwa wa kiume. Mimi nikapona, wenyewe wanasema kwa bahati.

Mume wangu alifika hospitali na saruji kwenye nywele. Muuguzi alimwuliza kwa ukali kwa nini amemchelewesha mkewe siku tatu. Akanitazama mimi, kisha akamtazama yule muuguzi.

"Hakuniambia," akasema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyeulizwa saa. Nikageukia ukutani. Mpaka leo nikikumbuka neno hilo natafuta mahali pa kulishika kosa lake sipapati, kwa sababu ni kweli sikumwambia.

Shangazi yangu alikuja kunitazama na chupa ya uji. Nikamlilia. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama niliweka ishara. Nikamwambia niliweka zote. Akanifuta machozi kwa ncha ya kanga yake, akafuta na yake, akasema, "Basi wewe umetimiza yako, mwali wangu. Asiyetimiza ni yeye." Nilifarijika. Nilirudi nyumbani namchukia mume wangu kwa moyo mweupe kabisa, na chuki hiyo ilikula miaka. Katikati yake tulipata binti mmoja, sijui tulimpataje, na baada ya hapo kizazi kikagoma.

Ndipo akaoa Chalinze. Mke mwenzangu alikuwa akiuza mayai ya kuchemsha na machungwa kwenye madirisha ya mabasi. Mwanamke aliyezoea kumwambia dereva wa lori sogeza gari lako unanizibia wateja, atamwogopa mume? Alikuja na sanduku moja na mdomo wake. Chakula kikimshinda anasema. Akitaka nguo anasema. Asubuhi moja nilimsikia kupitia ukutani akimwambia mume wetu waziwazi, leo nimechoka, usinisogelee, na mume wetu akacheka, kile kicheko cha dukani, akamwambia haya mke wangu, pumzika. Mimi nilikuwa nimeshika fagio. Nilisubiri kishindo, nilisubiri talaka. Kikaja kicheko.

Halafu kuna siku alinikuta naandaa sinia zamu yangu, nimefunika kikombe. Yeye kwa kusaidia akakifunua. Nikakifunika tena. Akanitazama.

"Dada, kina nini hiki kikombe?"

Nikamweleza, kwa fahari kidogo, nimwonyeshe kwamba mimi nilifundwa na yeye ameokotwa barabarani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa chini kabisa, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Sasa dada yangu, yule Mkwere wa watu utamfunikia vikombe mpaka lini? Atajuaje? Mwambie. Hang'ati."

Nilimtukana. Nilimwita mhuni wa stendi. Yeye wala hakununa, alichukua karoti akaanza kukwaruza. Usiku wake, mchana wake, maneno yake, watoto wake wanne, vyote nilimwonea kijicho, lakini hakuna nilichomwonea kama kule kutonuna. Mtu anayesema hana akiba ya kununa.

Baada ya ile alasiri ya bajaji nilijaribu na mimi. Nilikuwa mtu wa makamo sasa. Nilimwendea mume wangu amekaa barazani, nikamwambia bwana, nataka tuzungumze. Aliruka kutoka kwenye kiti.

"Nani kafa?"

Hiyo ndiyo heshima niliyokuwa nimejijengea. Nikifungua kinywa mtu anatafuta maiti. Nikamwambia habari ya kikombe, shanga, zile siku tatu. Alinisikiliza ameshika kichwa. Akaniambia wakati wote ule alidhani namdharau. Alidhani nimeona nimepewa mtu wa bara asiye na mzee, na sisi wa Bagamoyo tunajulikana kwa kujiona. Kila nikinyamaza alisema moyoni, huyu hanitaki, nisimsumbue. Ndiyo maana alikuwa anakimbilia dukani.

Kwa hiyo na yeye ana lake la kujibu, simwachii. Alikuwa na mdomo. Alimwona mke wake amenuna miaka na hakuuliza kuna nini, aliona afadhali akatafute mwingine anayeongea. Nilimwambia hivyo. Akaniomba radhi. Nimeipokea, ila haijafika ndani.

Aliyebaki ni mmoja, na habari zake nilizipata kwa mtu mwingine. Mshenga wetu, yule mzee aliyepeleka posa, nilikutana naye kwenye hitima huko mjini, amezeeka, anashikwa mkono. Nilimwamkia, tukakaa kwenye jamvi, na katika mazungumzo nikamwambia kwa mzaha kwamba aliniletea mume asiyejua kitu. Hakucheka.

"Lakini mimi nilisema, mwanangu," akaniambia. "Nilimwambia shangazi yako kabla hujatolewa ndani. Nilimwambia kijana huyu katahiriwa hospitali, jandoni hakukaa, hajui ishara zenu. Mfundeni bibi harusi aseme kwa kinywa. Shangazi yako akanijibu, hilo niachie mimi."

Na mzee akanyamaza miaka yote hiyo, kwa sababu mambo ya unyagoni hayamhusu mwanamume. Na yeye nimemwandika hapa.

Tangu siku hiyo sina usingizi mzuri. Nakumbuka kwa shangazi yangu nilipokuwa mtoto. Nakumbuka alivyokuwa akimpigia kelele mume wake kutoka jikoni, mzee wewe, mgongo unaniuma leo, jipakulie mwenyewe. Nakumbuka mumewe akijipakulia. Somo yangu, aliyenifinya paja nisijipeleke, hakuwahi kumfunikia mumewe kikombe. Alisema. Alikuwa na maneno yote nyumbani kwake, mimi akanipa vyombo. Nimemwonea wivu mke mwenzangu bure miaka mingi. Wivu wangu ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe anakaa nyumba ya tatu kutoka kwa mama yangu.

Nadhani najua kwa nini. Angenifunza kusema, ingebidi aeleze wanawake wenzake kwamba mwali wake anakwenda kwa mtu asiyefundwa, na jina lake lingeguswa. Lakini hiyo ni nadhani yangu. Sitaki kuishi na nadhani.

Sasa binti yangu anaolewa. Kijana ni wa Dar, kazaliwa ghorofani, jando hata kwa picha hajaliona. Shangazi ametuma mtu kwamba mwali apelekwe kwake siku saba. Ndugu zangu wote wamekubali, wameshagawana nani atapika siku gani. Mimi nimesema haendi. Wananiita mwenye kiburi, wanasema nataka kumvunjia heshima mtu mzima.

Shangazi, shikamoo. Nimeandika kwa sababu nikikukabili machozi yatanitangulia, na mjukuu wako unayekaa naye atakusomea kila neno. Mwanangu haingii ndani mwako mpaka unijibu, mbele yake na mbele ya wanawake wote uliowafunda. Uliambiwa, au hukuambiwa? Na kama uliambiwa, yule mtoto wangu wa kiume uliyekuja kunipa pole yake na chupa ya uji, ulikuwa unamlilia kama nani?