Dawa za Chunusi za Ploti Yetu

Enzi zetu pale mtaa wa Mowlem, kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga, chunusi hazikuwa na daktari. Zilikuwa na majirani.

Nilikuwa kidato cha kwanza uso wangu ulipochachamaa, paji zima likawa kama ganda la parachichi. Na Jumapili hiyo nilipangiwa kuongoza wimbo kanisani. Dada yangu Mwende akanishika kidevu, akasema, "Paka dawa ya meno, zitakauka." Mama Halima wa mlango wa pili, aliyenukia udi hata akifua, akaniletea liwa, ule mti wa manukato uliosagwa, kwenye kibakuli. "Hiyo ya meno itakuchoma, mwanangu. Paka hii." Mama naye, bila kuinua macho kwenye sufuria ya mahindi ya muthokoi, akasema, "Mate ya asubuhi, kabla hujapiga mswaki. Sisi tulipona na hayo."

Nimsikilize nani? Wote walikuwa wakubwa wangu, na wote walikuwa na ngozi nzuri. Nikapaka zote.

Jumapili uso ulikuwa umevimba, mashavu yanababuka. Mwende alicheka, kisha akalia. Mama Halima aliniosha pale mferejini akimlaumu Mwende, Mwende akiilaumu liwa, Mama akiapa kwamba mate hayajawahi kumdhuru mtu. Niliimba hivyo hivyo, uso ukiwaka moto, na mpaka leo sijui ni ipi iliyoniunguza. Chunusi zenyewe ziliondoka baadaye, kwa wakati wao, bila kuaga.

Sasa naishi Komarock, na binti yangu Kanini ana chunusi kama zangu. Vichupa vyake vimezidi viungo vya jikoni kwangu.

"Mum, hii ni ya asubuhi, hii ya usiku, na hizi mbili hazifai kukutana," aliniambia juzi. "Na hii inababua ngozi, lakini ndiyo inaponya."

"Inababua, halafu inaponya?"

"Eeh. Daktari alisema nivumilie wiki kadhaa. Ni kawaida, mum."

Nilichanganyikiwa kabisa. Sisi tukibabuka tuliitwa wajinga; wao wakibabuka, dawa inafanya kazi. Tena wanapaka krimu ya kuzuia jua, halafu wanashinda ndani na simu!

Nilinyoosha mkono nimguse shavu, akarudi nyuma.

"Usiguse, mum, nimepaka."

Akafunga mlango wa chumba chake. Uso wangu mimi ulikuwa wa ploti nzima: waliugusa, wakauharibu, wakauosha. Wa Kanini ni wake peke yake, na pengine utapona vizuri kuliko wangu. Nilibaki hapo koridoni, nisijue kama nifurahi au nisikitike.