Sauti ya Ugbad

Ugbad alikuwa na pumu, na ndiyo iliyomzuia kucheza voliboli. Lakini ukimsikia akiongoza mashabiki wa shule yao ya wasichana kule Iftin, usingeamini kifua kile kina ugonjwa. Alipoinua mkono, wasichana mia tatu walinyamaza. Alipoushusha, vigelegele vilipasua uwanja hadi wenye maduka ya ng'ambo ya barabara wakatoka kuchungulia.

"Wewe ndiye mchezaji wangu wa saba," Mwalimu Mutuku, mkufunzi wa timu, alimwambia zaidi ya mara moja. Ugbad alikuwa akijidai hasikii, lakini kila mara aliondoka akitembea kama aliyevishwa medali.

Fainali ya kaunti ilichezewa uwanjani kwao, dhidi ya shule moja ya Dagahaley, kambi ya wakimbizi. Wageni walikuwa na msichana mrefu, mwembamba, aliyeitwa Istahil. Kila alipoanzisha mpira, ulikuja ukiyumba, na mabinti wa Iftin wakawa wanagongana wenyewe kwa wenyewe. Seti mbili wakapoteza hivyo hivyo.

Ugbad ndiye aliyegundua siri. Kabla ya kupiga, Istahil alidundisha mpira mara tatu, bila kuzidi wala kupungua.

"Tuhesabu naye," aliwanong'oneza wenzake. "Akidundisha, tuhesabu. Tukifika tatu, tuseme nje."

"Moja! Mbili! Tatu! Njeee!"

Mpira ukagonga wavu. Zamu yake iliyofuata ukatoka nje kabisa. Istahil akaanza kudundisha mara mbili, mara nne, hajui ashike lipi. Iftin wakasawazisha, seti mbili kwa mbili. Hinda, nahodha wao, aliwageukia mashabiki na kumpigia Ugbad saluti.

Seti ya mwisho ilifika kumi na tatu kwa kumi na mbili, Iftin mbele. Istahil akapewa mpira. Ndipo sauti moja ikatoka nyuma ya mashabiki: "Rudi kambini!"

Wakacheka. Wengine wakadakia. Punde uwanja mzima ulikuwa ukiimba, makofi yakifuata, "Rudi kambini! Rudi kambini!" Na Ugbad, kwa vile pointi mbili tu zilikuwa zimebaki, aliinua sauti akaimba pia. Aliimba mara mbili.

Istahil hakudundisha mpira. Aliukumbatia tumboni na kutazama chini. Mwamuzi alikuwa na filimbi mdomoni, haipulizi. Ugbad akamkumbuka mjomba wake Keynan, aliyezaliwa na kukulia kambi hiyo hiyo, na ambaye mpaka leo akiulizwa kwao hujibu haraka na kubadilisha mazungumzo. Uso ukamchoma kwa aibu.

Aliinua mkono.

Mistari ya mbele ikanyamaza kwa mazoea. Ya nyuma iliendelea, ikabidi akimbie huko, akihema, mkono ungali juu. "Nyamazeni! Wallahi, nyamazeni!"

"Tunashinda, walaalo!" mmoja akamjibu, akimwita dada kwa Kisomali.

"Nimesema basi!"

Uwanja ukatulia, hata upepo ukasikika ukitikisa wavu. Filimbi ikalia. Istahil akadundisha mpira mara tatu, akapiga. Pointi. Akapiga tena, na tena. Kumi na tano kwa kumi na tatu, mchezo ukaisha, na kombe likaenda Dagahaley.

Hinda alimpita Ugbad bila kumtazama. "Ungetuacha tumalize kwanza," alisema. Mwalimu Mutuku alikuwa akikusanya mipira. Alimtazama, akatikisa kichwa. Ugbad hakujua kama ni masikitiko au ni shukrani.

Alitoa kipulizia chake cha dawa ya pumu, akavuta mara mbili, kisha akamfuata Istahil kwenye basi lao.

"Nisamehe," alisema. "Yale ya kambi. Mimi pia niliimba."

Istahil alikuwa amekaa dirishani, kombe mapajani. "Hayo nimeyazoea," alisema. "Nyinyi si wa kwanza." Kisha akatabasamu kidogo. "Lakini yule aliyeleta mambo ya kuhesabu, huyo aliniua kabisa. Nilisahau hata mkono wa kupigia ni upi. Nani yule?"

"Ni mimi."

"Wewe!" Istahil alicheka mpaka wenzake wakageuka. "Muhula ujao nitadundisha mara kumi na tisa. Uone kama pumzi itakutosha."

Hinda alinuna siku tisa. Ya kumi akaja bwenini na kuketi kwenye kitanda cha Ugbad, akasema tu kwamba Jumatano wanacheza, na mashabiki wanauliza wataimba nini.