Umeme wa Mjomba

Mjomba wangu alipenda kusema kwamba nusu ya kijiji chetu cha Singe inaona usiku kwa sababu yake. Alisema hivyo misibani, alisema kwenye jumuiya, alisema hata kwa watu ambao hawakumuuliza kitu. Jambo ambalo hakulisema ni kwamba hajawahi kufundishwa umeme na mtu yeyote. Zamani alimbebea ngazi fundi mmoja aliyetoka Arusha kuweka taa kwenye nyumba za watumishi. Fundi yule alipoondoka, mjomba akanunua tesita, ile bisibisi ya kupimia umeme, akaichomeka kwenye mfuko wa shati kama daktari anavyochomeka kalamu, na watu wakaanza kumwita Fundi. Kwetu sisi hicho ndicho cheti.

Nyumba ya mama ndiyo aliyoanzia. Baba aliijenga kwa matofali ya kuchoma muda mrefu kabla nguzo hazijafika upande wetu, na umeme ulipofika yeye alikuwa ameshafariki. Mama hakutaka kusikia habari za fundi mwingine. Ndugu yake yupo, amwite mgeni wa nini? Basi mjomba akapanda darini, akatandaza nyaya nyembamba zilizofaa spika za redio, akafunga viungo kwa vipande vya mfuko wa nailoni, kisha akashuka akiuliza kama kuku ameiva. Waya wa kupeleka umeme ardhini pindi kukitokea hitilafu hakuuweka. Nilipokuwa mtu mzima nikamuuliza sababu, alinitazama kwa huruma.

"Huo ni wa maghorofa, mpwa wangu. Nyumba ya chini tayari iko ardhini. Umeme ushuke uende wapi tena?"

Waliokuwepo walicheka, wakamsifu. Mmoja akasema mtu huyu angesoma angekuwa injinia.

Miaka ikapita. Mama akanunua friji, akanunua pasi, mjomba akaongeza taa kwenye banda la ng'ombe kwa kupitisha waya juu ya ukingo wa bati. Fyuzi ikawa inakatika kila mara. Fyuzi kazi yake ni kukatika, ili nyumba isiungue. Mjomba aliona inamdharau. Akaitoa, akaweka mahali pake kipande cha waya mnene, akapangusa mikono na kutangaza, "Sasa haitasumbua tena." Kweli haikusumbua.

Mimi, binti yake, nimeajiriwa mjini na napanga nyumba Bagara, na Jumapili baada ya misa huenda kumwona mama. Jumapili moja, mvua zikiwa zimeanza, nilimkuta anaanika nguo kwa mkono mmoja. Waya wa kuanikia ulifungwa kwenye bati la paa. Nikamuuliza mkono mwingine una nini.

"Nikishika hapa kukiwa na unyevu nasikia kama sisimizi wanapanda," alisema. "Mjomba wako anasema ni umri. Kasema nivae kandambili."

Nikamwambia huo ni umeme, nyumba nzima inahitaji nyaya mpya. Akanuna. Nilitaka kumwaibisha ndugu yake mbele ya watu? Nikampigia simu kaka yangu aliye Dodoma, msomi wa familia, ofisi yenye kiyoyozi. Akaniambia tusiharakishe, mambo ya ukoo yanataka hekima. Hekima yake ilikuwa ni kukaa mbali na bati lile.

Wiki ile ile, asubuhi, mama alimfunga ng'ombe wake wa maziwa ili amkamue, akarudi jikoni kuchukua maji ya moto ya kumwosha chuchu. Mvua ilikuwa imenyesha. Akiwa jikoni alisikia kishindo. Alipotoka, ng'ombe alikuwa ameanguka ubavuni, ameegemea bati la banda, miguu imekakamaa. Mama alitaka kumkimbilia. Jirani aliyekuwa njiani kwenda shambani ndiye aliyemvuta kwa kanga na kumpigia kelele asiguse kitu.

Nilipopigiwa simu nilifika kwa bodaboda, nikaenda moja kwa moja kwenye swichi kubwa, nikazima umeme wote. Uani palikuwa pamejaa watu. Wengine walikuja kumpa mama pole, wengine walikuja na visu. Mjomba naye akafika, buti za mpira miguuni, akamzunguka ng'ombe, akambonyeza tumbo.

"Amejaa gesi," alisema. "Majani mabichi haya. Nilimwambia dada asimlishe majani yenye umande."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Hilo lilinichukiza kuliko uongo wenyewe. Ng'ombe ameganda kwenye bati, waya umechubuka juu yake wote wanauona, na bado walimwitikia kwa sababu ana tesita mfukoni.

"Kwa hiyo bati halina umeme?" nikamuuliza.

"Halina. Kazi yangu naijua."

"Sawa, mjomba. Mimi nakwenda kuwasha. Wewe weka mkono kwenye bati, watu waone, maneno yaishe."

Nikaingia ndani, nikasimama kwenye swichi. Sikuwa na nia ya kuiwasha, ila yeye hakulijua hilo. Kupitia dirishani nilimwona akilitazama bati kama mtu anayetazama mbwa asiyemfahamu.

"Subiri kwanza," alisema. "Huu mkono tangu jana unaniuma."

"Tumia mwingine," nikamjibu.

Hakuna aliyecheka. Mama, ambaye muda wote alikaa kwenye kiroba cha pumba akilia, akainua uso.

"Wewe," alimwambia. "Kama hakuna umeme, unasubiri nini?"

Mjomba akasema, "Dada..."

"Uliniambia nivae kandambili. Kumbe ulijua."

Mjomba akaondoka akinung'unika kwamba wasichana wakipata mshahara wanavunja ukoo.

Fundi mwenye leseni alikuja, akang'oa kila kitu. Kwenye dari aliikuta kenchi, mbao inayobeba paa, imeungua, nyeusi kama mkaa, urefu wa mkono. Akaweka nyaya nene, swichi inayojikata yenyewe, na nondo ya shaba iliyopigiliwa ardhini nyuma ya jiko. Mama alisimama akiitazama ikizama. Kaka alituma ujumbe wa pongezi kwa familia kwa kutatua suala hilo kwa amani.

Nilizunguka nyumba nyingine ambazo mjomba aliweka umeme, nikawaeleza yaliyotupata. Wengi walinikaribisha chai na kunisikiliza kwa adabu, na nilipofika barabarani niliwasikia wakicheka. Mjane mmoja tu aliniomba namba ya fundi.

Mjomba bado anafanya kazi. Juzi alimaliza nyumba huko Nangara, na nasikia walimchinjia jogoo. Anasimulia kwamba ng'ombe wa dada yake alikufa kwa gesi. Mama humpelekea maziwa ya mtamba aliyebaki bandani, ambaye sasa amezaa. Ni ndugu yake, mimi siwezi kumzuia. Tukikutana sokoni namwambia shikamoo, naye huitikia marahaba kwa sauti kubwa ili watu wasikie, kisha kila mtu anashika njia yake.