Tulipimwa Siku Tuliyopendeza

Kikundi chetu cha wagonjwa hufanya mkutano kikiwa kimelala. Jumapili baada ya misa wenzangu wanakuja uani kwangu, mtaa wa Mulongwe, tunatandika mikeka kwenye kivuli cha ukuta na kila mtu anajinyoosha. Jirani mmoja alidhani ni maombi ya kufunga. Mwingine alidhani tumelewa pombe ya kasiksi. Sikuwasahihisha. Kumweleza mtu mwenye afya kwamba kukaa kwenye kiti nako ni kazi ni kupoteza pumzi, na mimi pumzi zangu siku hizi nazitumia kwa mpango.

Tuko watatu wa kudumu. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya primaire mpaka homa ile ya virusi iliponipata. Homa yenyewe iliondoka, nguvu haikurudi. Wa pili ni mwanaume wa Luvungi aliyekuwa akibeba abiria kwa pikipiki kwenye barabara ya Bukavu. Sasa kuipiga teke tu iwake kunamlaza. Wa tatu ni mama mkulima wa mpunga kutoka Bwegera, mpole kuliko sisi wote. Alikuwa amekuja kukaa kwa dada yake, mtaa wa Kavimvira, ili awe karibu na matibabu.

Huyu mama ndiye aliyekuwa na la kupoteza. Mashemeji zake walishasema wazi: watafiti tulioambiwa watakuja kutupima wakitamka kwamba ni ugonjwa, atatafutwa mtu wa kibarua wa kupanda mpunga na yeye apumzike. Wakitamka kwamba si ugonjwa, aingie shambani kama wanawake wengine au arudi kwao milimani, Rurambo, na watoto abaki nao mume. Mume wake hakuwa mtu mbaya. Alisema tu, "Tungojee neno la dokta."

Basi tukawa tunalingojea hilo neno, na wakati tukilingojea tukawa tunasoma maneno ya madokta wengine. Yule wa pikipiki alikuwa na simu nzuri na Kifaransa cha kutosha. Alitusomea akiwa chali, simu juu ya uso, kuhusu tafiti za nchi za mbali juu ya watu kama sisi. Moja ilisema mgonjwa aongeze mwendo kidogo kidogo kila siku na uchovu utakimbia wenyewe. Nyingine ilisema tatizo letu ni woga: tunaogopa kazi.

"Minye naogopa kazi?" aliuliza, akaishusha simu kifuani. "Minye nilikuwa nalalaka ku pikipiki nikingojea abiria, mvua inaninyeshea! Huyu muntu ananijua wapi?"

Nilicheka mpaka nikachoka, na kuchoka kwangu si mchezo, nililala hapo hadi jua likazunguka ukuta. Lakini kama mwalimu niliwajua watu hao. Darasani kila mwaka nilikuwa na mtoto anayechungulia jibu nyuma ya kitabu, halafu anatunga hesabu ya kulifikia. Nilidhani wakikua wanaacha. Kumbe wengine wanapewa koti jeupe.

Kisha akaja mtafiti wetu wenyewe. Dokta kijana, mtaratibu, viatu safi kuliko barabara yetu, na tablet mkononi. Alitupitia nyumba kwa nyumba. Maswali yake yalikuwa yametungwa kwingine na kutafsiriwa kwa haraka. Je, unaweza kupanda ngazi mpaka ghorofa ya pili? Ngazi gani, nyumba zetu zote ziko chini! Je, unaweza kusafisha zulia kwa mashine? Mama wa Bwegera, ambaye hajawahi kuiona hiyo mashine, alifikiri kidogo akajibu, "Kama iko mashine, njo itafanya kazi yenyewe. Haitanishinda." Dokta akaandika kwamba anaweza.

Lakini jambo lililotumaliza lilikuwa swali jepesi kuliko yote: "Unajisikiaje leo?" Kwetu mgeni akikuuliza hivyo hajakuuliza habari za mwili, amekusalimia. Unamjibu, "Niko bien, tunashukuru Mungu," unampa kiti, unamtafutia maji. Magonjwa yako utamweleza akishakaa, akishakula, pengine siku nyingine. Na kabla hajafika tulikuwa tumeoga, tumevaa vitenge vya misa, tumejipaka mafuta. Mama wa Bwegera alilala tangu juzi yake ili tu apate nguvu ya kumpokea amesimama. Nani anampokea mgeni akiwa kitandani kama hana adabu?

Halafu akatualika kutembea uwanjani, mti hadi mti, huku akitazama saa yake. Tulitembea vizuri kabisa. Siku iliyofuata hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuinua kichwa kwenye mto, na huko ndiko ugonjwa wetu unakoishi, kwenye siku ya pili. Siku ya pili dokta alikuwa mji mwingine akitazama saa.

Siku ya matokeo tuliitwa ukumbini. Viti vya plastiki, soda, biskuti; mkeka hata mmoja hakuna. Mume wa yule mama alikuja toka Bwegera na shati lililopigwa pasi, akakaa mbele, akasikiliza kama anasikiliza injili. Dokta alitandaza picha za rangi ukutani. Akasema wengi wetu tumeshapona, na kilichobaki ni hofu ya kujichosha, na dawa ya hofu hiyo ni kurudi kazini polepole.

Nilikuwa nimekaa chini, mgongo ukutani. Nikainua mkono. "Dokta, ulitupima siku ya kutembea. Kesho yake ulikuwa wapi?"

Alitabasamu. Akasema ni swali zuri sana, na litaandikwa kwenye mipaka ya utafiti. Kumbe utafiti nao una uani wake wa kutupia maganda! Nilihisi hasira ikinipanda hadi masikioni. Nikamgusa goti mama wa Bwegera, aliyekaa kando yangu, nikamwambia asimame aseme jinsi anavyolala siku nzima gizani, mume wake yuko hapo, asikie.

Aliniangalia kwa aibu. "Mwalimu, ule ni mugeni. Ametoka mbali. Nitamuharibia kazi yake mbele ya bantu?"

Hakusimama. Mume wake alimshika dokta mkono kwa mikono miwili akimshukuru. Sitamsingizia, alikuwa na furaha ya kweli: ameambiwa mke wake amepona. Wiki hiyo hiyo akaondoka na mke wake kurudi Bwegera.

Msimu wa kupandikiza ulipofika nikapata habari kwamba mama ameanguka, nikapanda gari hadi Bwegera huku nikijua kwamba safari hiyo nitailipia kitandani. Mume alinisimulia mwenyewe. Siku ya kwanza mke wake aliingia majini, akainama na miche pamoja na wenzake, hata akaimba. Siku ya pili aliingia tena, maana dokta alisema asiogope. Siku ya tatu alikaa chini katikati ya shamba, maji yakimfika kiunoni, na hakuweza kuinuka. Walimtoa kwa tipoyi, machela ya kubebwa mabegani, kama wanavyobebwa wajawazito kutoka mlimani.

Nilimkuta kwenye chumba ambacho dirisha lilikuwa limezibwa kwa blanketi, kwa sababu mwanga ulimuumiza. Binti yake alikuwa akimlisha uji kwa kijiko, akingoja kila mara ameze. Alinitambua. Nikaketi, kisha nikalala kwenye mkeka kando ya kitanda chake, maana nami nilikuwa nimeisha.

Hapo simu ya mume, aliyesimama mlangoni, ikalia. Alikuwa dokta, sauti yake changamfu ikasikika chumba kizima, na binti akaifunika simu kwa kiganja ili isimuumize mama yake. Dokta alisema anafuatilia watu wake wote, ana swali moja tu.

"Papa, mama alirudi ku kazi ya shamba?"

"Ndiyo, dokta," mume alijibu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. "Alirudi."

"Félicitations, papa! Umusalimie sana."

Mume alikuwa amevuta pumzi ili aendelee. Simu ilikuwa imeshakatika. Akaishusha, akanigeukia pale chini.

"Mwalimu," aliniuliza, "weye unajua Kifaransa. Ananipongeza juu ya nini?"