Sungura wa Modesta

Modesta ni mtoto wa marehemu dada yangu Paskalia, na mtu akikwambia hana akili, mlete kwangu hapa Kinole tuongee. Ana miaka thelathini na kitu. Anabandua mdalasini vizuri kuliko wengi, hapendi kushikwa bega, na shikamoo yake unaipata ukiwa umeshapita. Daktari wa mjini ndiye aliyetutajia jina la hali yake: usonji. Basi, jina tukalipokea, tukarudi shambani.

Siku hiyohiyo kliniki, dada mmoja anaitwa Shadia alimwonesha picha. Mchoro wa mistari tu: ukiutazama hivi ni bata, ukiutazama vile ni sungura, mdomo wa bata ndio masikio ya sungura. Modesta akasema sungura. Shadia akamwambia humo kuna na bata. Modesta akatazama weee, akasema hamwoni. Shadia akanieleza kwamba watu wengi wakishaambiwa huanza kuwaona kwa zamu, huyu halafu yule, ila baadhi ya wenye usonji hubaki na walichokiona mwanzo. Hakuna jibu lisilo sahihi, alisema, na karatasi akatuachia.

Sasa mwone kaka yangu Raphael. Sisi Waluguru ardhi inafuata upande wa mama, na mjomba ndiye msemaji. Ilikuwa juu yake kuamua shamba la Paskalia liende kwa nani: kwa Modesta anayeishi palepale, au kwa Geofrey, mwanangu wa kumzaa, ambaye tayari alishampata mtu wa Kihonda wa kumuuzia. Raphael aliposikia habari za ile picha, akaifanya mtihani. Anayeona mmoja tu, alisema, atailindaje ardhi ya ukoo?

Jumapili baada ya misa tukakaa uani kwake. Karatasi ikazunguka. Kila mtu akaona wote wawili, hata bibi Filomena, ambaye mtoto wa jicho amemfunika macho yote. Nani atambishia mjomba?

"Naona wote, mjomba," Geofrey akasema. "Hata wa tatu ukitaka."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa na hasira.

Ikafika kwa Modesta.

"Unaona nini?" Raphael akamuuliza.

"Sungura."

"Na bata?"

"Simwoni."

Raphael akamfuatishia kwa kidole: mdomo huu hapa, jicho hili hapa. Nikamnong'oneza Modesta, sema tu unamwona, mama, shamba liwe lako yaishe. Akaitazama karatasi mpaka watu wakaanza kukohoa.

"Mama mdogo, simwoni."

"Na nikisema usipomwona bata, shamba hupati?" Raphael akauliza. Sauti ilishapanda.

"Simwoni hivyohivyo."

Nikajua tumekwisha. Akilini nilishamwona na vyombo vyake barabarani, na mwanangu mwenyewe anahesabiwa noti.

Raphael akaichukua karatasi mkononi mwa Modesta. Akamtazama Geofrey, aliyekuwa bado anatabasamu. Kisha akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni.

"Mimi ni mjomba wake, na nimeshindwa kumwonesha bata," akasema. "Huyo mtu wa Kihonda atamwonesha nini akakubali? Huyu mwingine ameshaona na wa tatu. Modesta, shamba ni lako."

Geofrey akaacha kutabasamu. Modesta akatikisa kichwa.

"La mama."

"Mama yako ameshafariki. Kuanzia leo ni lako."

"La mama," akarudia, vilevile, bila kupandisha sauti.

Raphael akatutazama sote, labda yupo wa kumsaidia.

"Haya," akasema. "La mama."

Dada yangu alikufa akiwa na hofu kwamba mtoto wake atafukuzwa pale. Nililia mbele za watu, wala sikujifuta.